Je, Wajua? Mawimbi ya Mshtuko na Mguu wa Farasi
Je, wajua kwamba teknolojia ya kuvunja mawe ya figo kwa mawimbi ya mshtuko hutibu pia miguu ya farasi wa mashindano? Mgonjwa wa kwanza wa figo alitibiwa nayo Munich, Ujerumani, mwaka 1980. Kwa farasi, daktari hunyoa manyoya, hupaka jeli, kisha huelekeza mawimbi ya mshtuko penye jeraha ili kuchochea seli zinazojenga mfupa. Lakini maumivu hutulia kwa siku kadhaa kabla nyufa za mfupa hazijaunga. Farasi akikimbizwa wakati huo, mguu unaweza kuvunjika. Ndiyo maana kanuni za mbio za farasi za Marekani humzuia farasi aliyetibiwa hivyo kushindana kwa siku 30.

Mfugaji wa Uyole, funzo ni hilo hilo kwako: punda au maksai wako akichechemea, dawa ya maumivu isimrudishe kazini. Mpumzishe, umwite daktari wa mifugo.