Mwanga Juu ya Bangboka: Tuanze na Saa

Usiku wa kuamkia 1 Februari 2026, uwanja wa ndege wa Bangboka, mashariki mwa Kisangani, ulilengwa na droni zenye vilipuzi, na siku chache baadaye kundi la waasi la AFC/M23 likakiri kuhusika. Tangu hapo mwanga wowote usioeleweka angani ni jambo la jeshi, na ni haki iwe hivyo. Lakini uchunguzi usianze kwa kuuliza nani kautuma. Uanze na mambo matatu ambayo raia yeyote anaweza kuyaandika: saa, upande na mwendo.

Saa peke yake hufichua mengi. Kisangani iko karibu na ikweta, hivyo jua huzama moja kwa moja na giza huingia upesi mwaka mzima. Setilaiti huonekana kwa sababu jua, lililokwisha kutuchwea sisi, bado linaimulika huko juu. Zile za Starlink, zilizo kwenye kimo cha kilomita 500 hivi, zikipita utosini saa moja na nusu baada ya machweo huwa zimekwisha kumezwa na kivuli cha dunia. Kwa hiyo msururu wa nuru saa moja jioni huenda ukawa setilaiti. Ukipita utosini saa sita usiku, maelezo hayo hayafai, na hapo askari ana sababu ya kuinuka. Upande nao una ushahidi wake: nuru kali magharibi, inayoshuka taratibu pamoja na nyota, yaelekea ni Zuhura. Mmweko wa kimya upeoni mara nyingi ni radi ya mbali, na Bonde la Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Kimondo hutoweka kwa sekunde chache. Droni hunguruma na kubadili njia.

Wapo watakaosema vita havingoji daftari. Ni kweli, anayelinda uwanja huamua papo hapo. Ila uamuzi huo hutegemea yale aliyojifunza kutokana na usiku uliopita. Mwezi Februari 1942, chini ya miezi mitatu baada ya Pearl Harbor kushambuliwa, mizinga ya Marekani ilifyatua makombora zaidi ya 1,400 juu ya Los Angeles, na hakuna ndege ya adui iliyopatikana. Hofu ilikuwa na msingi, shabaha haikuwepo. Na kila kinachorushwa juu hurudi chini, juu ya mapaa ya watu.

Wengine watahofu kwamba kutangaza matokeo ya uchunguzi ni kumpa adui siri. Lakini taarifa nyingi huishia kupata maelezo. Jeshi la anga la Marekani lilikusanya taarifa 12,618 za vitu visivyoeleweka angani katika mradi wake wa Blue Book hadi 1969, likabaki na 701 zisizotambuliwa. Kumwambia mwananchi kwamba alichokiona ni Zuhura hakufichui mahali ilipo rada. Kunyamaza ndiko kunakogharimu, kwa kuwa mtu asiyejibiwa huacha kutoa taarifa, au huziamini za mitaani. Jeshi la Kongo (FARDC), waongozaji wa ndege na wataalamu wa hali ya hewa waweke daftari moja, walinganishe taarifa zake kila asubuhi, kisha wawajibu raia. Taarifa za kawaida zikishaondolewa, zile chache zinazobaki ndizo zinazostahili nguvu zote za jeshi.