Uzio wa Mbono Kaburi: Faida Yake na Hatari kwa Watoto



Wengi wetu tumepanda mbono kaburi kuzunguka nyumba. Waganda huuita kiroowa. Ni mti mzuri kwa uzio, lakini mbegu zake ni sumu. Tafadhali someni habari hii, na muwasomee wasiojua kusoma.

KWA NINI TUNAUPANDA?
Mti huu asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Hauna gharama. Unakata tawi la nusu mita, unaliacha siku moja au mbili jeraha likauke, kisha unalichomeka ardhini mvua zinapoanza. Ukiyapanga matawi karibu karibu, unapata uzio. Mbuzi hawali majani yake, kwa hiyo mboga zinasalimika.

HATARI IKO WAPI?
Tunda huwa la kijani, likiiva huwa la manjano, likikauka huwa jeusi. Ndani mna mbegu nyeusi, mara nyingi tatu. Punje zake zina ladha kama karanga, ndiyo sababu watoto huzila.

Nilipokuwa nimepanga chumba Mengo, Kampala, watoto wa uani kwetu walizichuma kwenye uzio wakagawana. Jioni haikufika, wote wakaanza kutapika na kuhara. Mama zao walidhani ni kipindupindu, mpaka tulipookota maganda. Walipelekwa hospitali mapema, wakapona.

Hata mbegu chache zinaweza kumdhuru mtoto. Kukaanga hakuondoi sumu yote. Mafuta yake yanafaa kwa taa na sabuni, si kwa chakula.

MTOTO AKIZILA:
1. Msimtapishe kwa nguvu.
2. Mpelekeni zahanati mara moja. Chukueni tunda au mbegu mkamwonyeshe mganga.
3. Akiwa anatapika au kuhara, mpeni maji ya ORS kidogo kidogo njiani. Kama hakuna, changanyeni lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi.

TUFANYE NINI?
Hatusemi mng'oe uzio. Pogoeni matawi kabla hayajazaa, na utomvu usiingie machoni. Matunda yaliyoanguka yatupeni katika shimo la choo. Karibu na shule na mahali pa kuchezea watoto, pandeni mti mwingine. Leo hii, mwonyesheni kila mtoto tunda hili na kumwambia: hili haliliwi.

Kinga ni bora kuliko tiba.