USALAMA NA AFYA: PIKIPIKI MPYA, JOTO LA INJINI NA MKONO WA KLACHI



Umenunua pikipiki mpya. Hongera! Sasa unajiuliza: «Mbona injini ni moto hivi? Na mbona klachi ya asubuhi si sawa na ya mchana?» Maswali haya ni ya fundi, lakini yanamhusu muganga pia. Asiyejua majibu yake huweza kuanguka mlimani, au kumuunguza mtoto wake.

INJINI. Pikipiki nyingi za barabara zetu hazipozwi kwa maji. Zinapozwa na upepo unaopita katikati ya mapezi ya injini. Mafuta yaliyo ndani huweza kufika digrii 100 hivi. Kwa hiyo matone ya mvua yakichemka juu ya injini, usiogope. Wala usipime kwa kidole: injini nzima na injini mgonjwa, zote zitakuunguza. Dalili za ugonjwa ni hizi: nguvu inapungua, kunagongagonga ndani, kuna harufu ya mafuta yanayoungua. Hapo simama, zima, acha ipoe, kisha pima mafuta pikipiki ikiwa wima.

Ukisimama kwa muda mrefu, zima injini, maana pasipo mwendo hakuna upepo wa kuipoza.

Asubuhi ya Kpandroma ni ya baridi, na wengine huwasha pikipiki ndani ya nyumba ili ipate moto. Usifanye hivyo hata siku moja! Katika moshi wake mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaweza kuwaua watu wakiwa usingizini. Sukuma pikipiki nje kwanza, ndipo uwashe.

KLACHI. Sahani za klachi huoga ndani ya mafuta ya injini. Kukiwa na baridi mafuta ni mazito, sahani zinashikana kidogo, na gia ya kwanza inaingia kwa kishindo. Hilo ni la kawaida. Lakini kama injini imeshapata moto, umevuta klachi mpaka mwisho, na pikipiki bado inataka kwenda, hiyo ni hatari: siku ya soko itakurusha katikati ya watu. Na kama injini inalia sana mlimani bila mwendo kuongezeka, sahani zinateleza.

Mara nyingi dawa ni kurekebisha kamba, kwa maana kamba mpya hulegea. Ncha ya mkono wa klachi iwe na uhuru wa milimita 10 hadi 20 kwa pikipiki nyingi. Fuata kitabu cha pikipiki yako, na upime injini ikiwa baridi. Katika milima ya kutoka Bunia kuja huku, usipande ukishikilia klachi nusu. Hiyo huchoma sahani na kuchosha vidole. Shuka gia mapema.

BOMBA LA MOSHI. Huunguza mguu wa anayepanda au kushuka, hata injini ikiwa imezimwa. Mtu akiungua, fanya hivi mara moja:

1. Mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20.
2. Vua kiatu au bangili kabla ya kuvimba.
3. Usipake dawa ya meno, majivu, wala mafuta. Usipasue malengelenge.
4. Funika kwa kitambaa safi, njoo dispansere. Mtoto aletwe hata kama kidonda ni kidogo. Tutaangalia pia chanjo ya pepopunda.

Mfundishe mke na watoto kupanda na kushuka upande usio na bomba. Wanaokaa nyuma wavae suruali ndefu na viatu. Na kila asubuhi, kabla ya kuja zamu, tazama mafuta, vuta klachi, jaribu breki, vaa kofia ya kinga. Ni dakika mbili tu. Mguu ulioungua huweza kukulaza wiki nyingi.