Mizani si hesabu ya vidole

Yapo makosa ambayo mwalimu huyatenda kwa nia njema. Nilifundisha ushairi miaka kadhaa katika shule moja ya upili viungani mwa Nakuru, na kila nilipofika kwenye mizani niliwaagiza wanafunzi wahesabu silabi kwa vidole. Siku moja kijana mmoja akatusomea mshororo wake: "Mifugo yetu inanona, bonde lina majani." Mizani 16 kamili, lakini darasa likaguna. Mwenzake, ambaye hakuwa hodari wa mtihani, akausahihisha papo hapo: "Mifugo inanenepa, bonde letu lina nyasi." Mizani ni 16 vile vile, ila sasa zimegawanyika nane kwa nane na pumzi inatua mahali pake. Wa kwanza aligawa tisa kwa saba. Vidole havikuligundua kosa hilo; masikio yaligundua.

Tangu siku hiyo nashikilia kwamba mapigo ya sauti ni sehemu ya maana, wala si pambo. Tazama mazungumzo yetu ya kila siku. Katika neno "barabara", mkazo ukiwa kwenye silabi ya tatu tunapata njia ya magari iendayo Naivasha. Ukirudi kwenye silabi ya pili, tunapata "sawasawa". Herufi ni zile zile.

Muziki nao una ushahidi wake. Mwaka 1950, Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet wimbo wa wasichana wa Kipsigis uitwao "Chemirocha". Jina hilo latokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika Bonde la Ufa. Lugha yake haikuwa yao, lakini sauti na gitaa lake viliwaingia hata akaimbwa kwa Kikalenjin.

Huenda mtu akaniuliza: je, mashairi huru? Hata yale ya Euphrase Kezilahabi katika Kichomi (1974), yasiyofungwa na vina wala mizani, yana mapigo yake. Yasome kwa sauti utayasikia.

Basi, walimu wenzangu, tusiwafunze vijana kuhesabu kabla ya kusikia. Shairi lisomwe kwanza kwa sauti, hata mara tatu, ndipo vidole viitwe kuthibitisha. Nanyi wanafunzi, mtungapo, jisomeeni. Pumzi ikikwama, hapo ndipo penye kosa, hata kama hesabu imetimia.