Wanatoroka baridi kuja kuzamia kwetu, wewe je?

Hebu fikiria uko Stockholm mwezi wa Desemba. Kabla ya saa tisa mchana jua limeshazama. Unatoka kazini gizani, unarudi nyumbani gizani, na koti halikutoki mwilini hadi Machi. Ndiyo maana mkazi wa huko huweka akiba mwaka mzima, akapanda ndege, na baada ya siku mbili unampata Watamu au Diani, mtungi wa hewa mgongoni, akizamia kwenye maji ya nyuzijoto 28.

Wewe wa Nairobi unahitaji tiketi ya treni tu. Lakini sema ukweli: bahari unaijua juu juu. Picha ufuoni, kupanda ngamia, viazi karai, basi.

Kosa letu la kwanza ni kufuata baridi yetu wenyewe. Julai Nairobi ikigeuka friji, mabeshte wanaanza kupanga safari ya Pwani. Kula raha ufuoni ni sawa, ila kwa kuzamia, ngoja kwanza. Huo ni wakati wa kusi: upepo mkali, mawimbi, maji yamevurugika, na baadhi ya vituo vya uzamiaji hufunga kabisa. Subiri kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, bahari itulie na uone mbali. Desemba bei za hoteli hupaa, kwa hivyo mwenye doo kidogo aende Februari.

Huko chini kuna nini? Watamu na Malindi zimekuwa hifadhi za bahari tangu 1968, na kasa si wageni huko. Kisite, karibu na Wasini, ni kwa pomboo na matumbawe. Kaskazini mwa Mombasa kuna MV Dania, meli iliyokuwa ikibeba mifugo, ikazamishwa makusudi mwaka wa 2002 ili iwe makao ya samaki. Ukiwa na bahati ya mtende, utakutana na papa shilingi, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Madoa yake meupe ndiyo yaliyompa jina hilo. Usikimbie, chakula chake ni vijidudu vya baharini.

Huhitaji cheti ili kuonja. Zamia la majaribio hufanywa na mkufunzi kando yako, kina kisichozidi mita 12. Ukinogewa, kozi ya kwanza huchukua siku tatu au nne na kukuruhusu hadi mita 18. Lakini lazima uogelee mita 200 na kuelea dakika 10. Kama hujui kuogelea (na wengi wetu hatujui, tusidanganyane), anzia kidimbwi cha kuogelea mtaani kwenu sasa hivi.

Ukiwa chini, kanuni kuu ni moja: usizuie pumzi kamwe. Kwenye kina cha mita 10 shinikizo huwa mara mbili ya lile la juu. Hewa uliyovuta huko hupanuka unapopanda, na ukiifungia kifuani inaweza kupasua mapafu. Masikio nayo, bana pua na upulize taratibu mapema, kabla hayajaanza kuuma. Una mafua? Achana na mbizi siku hiyo. Una pumu au shida ya moyo? Muone daktari kabla ya kulipa chochote.

Sasa hili ndilo linalomhusu Mnairobi hasa. Chini ya maji, naitrojeni huyeyuka mwilini mwako. Ukipanda haraka mahali pa juu, inaweza kutoka kama povu la soda iliyofunguliwa ghafla: maumivu ya viungo, ganzi, hata kupooza. Watu husikia onyo hili wakafikiria ndege pekee. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo treni na basi pia zinakupandisha. Ukizamia mara moja tu, pumzika angalau saa 12. Ukizamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo, angalau saa 18.

Maana yake, usizamie Jumapili asubuhi halafu ukimbilie treni ya alasiri. Zamia Ijumaa na Jumamosi. Jumapili zunguka Mji wa Kale, kunywa madafu, kisha ingia treni ya usiku.