0.03 Hiyo, Kuongeza au Kutoa Ngapi?

Tuseme hati ya maabara imefika kiwandani na macho yote yako kwenye mstari mmoja: antrakinoni, miligramu 0.03 kwa kilo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 inaruhusu 0.02 kwenye chai. Meneja anaona shehena imeshaanguka, mnunuzi anaona nafasi ya kushusha bei. Mkemia anaona jibu ambalo halijamalizika, kwa sababu hakuna palipoandikwa kwamba 0.03 hiyo ni kuongeza au kutoa ngapi.

Antrakinoni si dawa ambayo wakulima wa Litein au Mogogosiek hapa Kenya wanapulizia majani yao. Huzaliwa kuni zinapoungua, na viwanda vyetu hukausha chai kwa joto la boila zinazokula kuni, hasa za mikaratusi. Mitambo ikiwa mizima, moshi hutokea kwenye dohani na mvuke ndio unaopasha hewa ya kukaushia. Moshi ukipata upenyo, au ukirudi chini na kuvutwa na feni, chai huubeba. Chanzo kingine ni karatasi, kwani dutu hii hutumika katika kutengeneza rojo lake. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la 2B, yaani la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu.

Sasa tazama udogo wa kinachotafutwa. Miligramu 0.02 kwa kilo ni miligramu 20 ndani ya tani nzima ya chai kavu, tani ambayo imetokana na zaidi ya kilo 4,000 za majani mabichi. Mwaka 1980 mkemia Mmarekani William Horwitz alikusanya matokeo ya maabara nyingi zilizopewa sampuli zilezile. Akakuta kwamba kila kiasi kinachopimwa kinapopungua mara 100, tofauti ya kiasilimia kati ya maabara na maabara huongezeka maradufu, mashine iwe ya aina gani. Kwenye kiwango cha antrakinoni, hesabu yake inatoa mtawanyiko wa karibu asilimia 29. Waliomfuata waliirekebisha hadi asilimia 22 kwa viwango vidogo namna hii. Hata hivyo ni pengo kubwa, na halitokani na uzembe wa mtu.

Kwa hiyo maabara za Ulaya, zikitegemea rekodi za mashindano yao ya kupima sampuli za pamoja, zimekubaliana kutumia asilimia 50 kama wigo wa shaka kwa mabaki ya viuatilifu, na kisheria antrakinoni imo humo. Irudie hati yetu: 0.03, kuongeza au kutoa 0.015. Ukweli uko mahali fulani kati ya 0.015 na 0.045, kwa uhakika wa takriban asilimia 95. Kikomo cha 0.02 kimelala ndani ya wigo huo. Mkaguzi wa bandari ya Ulaya anayefuata mwongozo hawezi kutamka kwamba sheria imevunjwa mpaka kipimo kipite 0.04, maana faida ya shaka ni ya muuzaji.

Viwanda vyetu visishangilie mapema. Anayeuza anapaswa kuifanya hesabu hiyo kinyume. Akitaka kulala usingizi shehena ikiwa baharini, kipimo chake pamoja na shaka yake kikae chini ya 0.02, na hapo namba ya kulenga ni kama 0.013. Maabara ambayo haiwezi kupima kwa kuaminika chini ya 0.02 haimsaidii, hata ikiandika kwa herufi kubwa kwamba haikuona kitu.

Wigo huo wa asilimia 50 hautumiki hivi hivi tu. Maabara huweza kuutumia baada ya kuithibitisha mbinu yake, kazi ambayo wengi huiruka kwa sababu inachosha. Unatafuta chai safi, unaitia kiasi unachokijua cha antrakinoni, kisha unaipima kana kwamba hujui. Ukirudia angalau mara tano, wastani wa unachokipata uwe kati ya asilimia 70 na 120 ya ulichotia, na mtawanyiko usizidi asilimia 20. Kupata tu chai isiyoguswa na moshi ni shughuli.

Mbinu iliyofaulu kwenye kabichi haihami kirahisi kuingia kwenye chai. Chai ni kavu, hivyo huloweshwa kwanza ili kimiminika cha kuitoa antrakinoni kipenye, na imejaa kafeini, polifenoli na rangi zinazoivuruga mashine. Wengi huondoa rangi kwa unga wa kaboni. Kumbe unga huo hushika molekuli bapa, na antrakinoni, yenye pete tatu zilizoungana ubavu kwa ubavu, ni bapa hasa. Maabara inaweza kusafisha sampuli vizuri mno ikaondoa kile kile inachokitafuta, halafu hati ikasoma sifuri. Dawa yake ni kutia tangu mwanzo antrakinoni iliyotengenezwa kwa hidrojeni nzito. Inapotea sawia na ile ya asili, na upungufu wake huonyesha cha kufidia.

Na hayo yote huanzia pakiti inapofika maabarani; kuchukua sampuli huja kabla. Moshi uliovuja zamu moja ya usiku hautaonekana kwenye gunia la juzi la chai ya daraja la PF1, na sampuli iliyofungwa kwa karatasi ovyo inaweza kuja na antrakinoni ya karatasi. Kwangu, hapa kwenye kuchukua sampuli ndipo fedha nyingi hupotea, na ndipo watu hawatazami.

Maabara ikikuonyesha cheti cha KENAS, shirika la ithibati la Kenya, cha kiwango cha umahiri wa maabara cha ISO/IEC 17025, fungua orodha ya vipimo vilivyoidhinishwa utafute antrakinoni, tena ndani ya chai. Cheti hakifuniki kisichoorodheshwa. Wakurugenzi wa viwanda mliochaguliwa na wakulima, hati ijayo ikifika bila kuongeza au kutoa, irudisheni.