DAWA BILA MAELEZO NI NUSU YA TIBA
Kazi ya mtoa dawa na wahudumu wa afya, na kazi yako wewe mgonjwa



Mgonjwa akifika zahanati hupanga foleni zaidi ya moja: kwa muuguzi, kwa daktari, maabara, na mwisho kwenye dirisha la dawa. Wengi hufika dirishani wakiwa wamechoka, mtoto analia na jua limepanda. Hupokea bahasha, husema asante na kuondoka. Lakini dawa ileile inayoponya inaweza kukosa kazi, au hata kudhuru, ikiwa aliyeipokea hakuelewa jinsi ya kuitumia. Katika toleo hili tunaeleza kazi ya yule aliye dirishani na ya wenzake, na kwa nini inakufaa kusimama hapo dakika mbili zaidi.

Mifano mingi tumeitoa Busia na Tororo, mpakani mwa Uganda na Kenya. Huko malaria ni nyingi, watu huvuka mpaka kila siku, na wakimbizi pia wamepita huko.

NANI NI NANI KITUONI

Sisi tumezoea kumwita kila mwenye koti jeupe "daktari". Hakuna ubaya, ni heshima. Lakini ni vizuri kujua kila mmoja anafanya nini, ili ujue swali lako umpelekee nani.

* Muuguzi (sista) hukupokea, hupima joto na uzito, na huamua nani aonwe haraka. Uzito wa mtoto ndio unaoonyesha apewe dawa kiasi gani, kwa hiyo usikatae mtoto apimwe.
* Daktari au afisa wa kliniki hukuuliza, hukupima, na huandika jina la ugonjwa na dawa.
* Mtaalamu wa maabara huangalia damu, choo, mkojo au makohozi.
* Mfamasia au mtoa dawa husoma kilichoandikwa, huhakikisha dawa na kiasi vinakufaa, kisha hukupa na kukueleza. Akiona jambo halieleweki ni wajibu wake kurudi kumwuliza daktari. Akifanya hivyo usidhani anakuchelewesha, anakulinda.
* Mhudumu wa afya wa jamii, ambaye Uganda ni mmoja wa timu ya kijiji iitwayo VHT, hukufuata nyumbani kuona unaendeleaje.

Katika vituo vidogo mfamasia huenda asiwepo, na kazi ya dirishani ikafanywa na muuguzi aliyefundishwa. Wajibu wa kueleza ni uleule.

MALARIA: KWA NINI TEMBE ZA SIKU YA TATU?

Uchunguzi uliofanywa Tororo mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya mara moja kila usiku. Tangu mwisho wa 2014 nyumba za wilaya hiyo zilianza kupuliziwa dawa ya mbu na malaria ikashuka sana. Baada ya 2020 ikaanza kupanda tena. Kwa hiyo neti na matibabu kamili bado vinahitajika.

Wazee wanakumbuka klorokwini. Mwaka 2002 Uganda ilianza kugawa vijijini pakiti za HOMAPAK kwa watoto wa chini ya miaka 5, na ndani yake mlikuwa na klorokwini pamoja na Fansidar. Lakini vimelea vilikuwa vimeanza kuzizoea dawa hizo. Mwaka 2004 Uganda na Kenya ziliamua kubadilisha, na kuanzia 2006 dawa ya mseto ya artemeta na lumefantrini, ambayo wengi huiita Coartem, ikaanza kutolewa katika vituo vya serikali. Hii ndiyo sababu ushauri mzuri wa miaka ile huenda usifae leo, na sababu ya kumwuliza mhudumu badala ya kurudia dawa ya zamani.

Dawa hii ina sehemu mbili. Artemeta huua vimelea vingi kwa haraka, lakini hutoka mwilini baada ya saa chache. Lumefantrini hufanya kazi polepole na hukaa mwilini siku kadhaa, ikimalizia vimelea vilivyobaki. Ndiyo maana homa hushuka siku ya kwanza au ya pili, na mgonjwa akadhani amepona. Akiacha hapo, vimelea vilivyobaki huzaana na ugonjwa hurudi. Kuna hatari nyingine: vimelea vinavyokutana na dawa kidogo kidogo hujifunza kuivumilia. Kaskazini mwa Uganda dalili za vimelea kuvumilia dawa za jamii ya artemeta zimekwisha kuonekana. Tembe unazoweka akiba leo zinaweza kumnyima dawa mtoto wa jirani kesho.

Dozi ya mtu mzima ni tembe 4 kila mara, mara 6 katika siku 3, jumla tembe 24. Mtoto hupewa kufuatana na uzito. Dozi ya pili huliwa saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Kula chakula chenye mafuta kidogo au kunywa maziwa husaidia dawa kuingia vizuri mwilini. Ukitapika ndani ya saa moja, rudi kituoni, kwa maana dozi hiyo inabidi irudiwe.

Usianze dawa ya malaria kabla ya kupimwa pale kipimo kinapopatikana. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri hivyo kwa watu wa umri wote. Si kila homa ni malaria. Mtoto mwenye nimonia akipewa dawa ya malaria peke yake anapoteza siku ambazo zingeweza kuokoa maisha yake.

BAHASHA INASEMA NINI?

Mtoa dawa huandika kwa kifupi. "1 x 3" maana yake ni tembe moja, mara tatu kwa siku. Si tembe tatu kwa mpigo, wala si tembe moja kila baada ya siku tatu. "2 x 2" ni tembe mbili, mara mbili kwa siku.

Saa pia huchanganya watu. Ukiambiwa "kila baada ya saa 8", si lazima iwe saa nane mchana. Hesabu tangu ulipokunywa. Ukinywa saa nne asubuhi, nyingine ni saa kumi na mbili jioni.

Mtoa dawa mzuri hatakuuliza tu, "Umeelewa?" maana kila mtu hujibu "ndiyo". Atakuomba umweleze wewe. Kwa mfano, kwa mtoto wa kilo 12 mwenye malaria:

Mtoa dawa: Mama, hebu niambie, utampaje mtoto dawa hii?
Mama: Nimpe tembe moja sasa, na nyingine kesho asubuhi.
Mtoa dawa: Ya sasa ni sawa. Ya pili ni leo hii jioni, saa kumi na mbili. Kesho na kesho kutwa ndipo utampa moja asubuhi na moja jioni.
Mama: Kumbe. Basi zote ni sita.
Mtoa dawa: Sita kamili, mama. Hata akianza kucheza, mmalizie.

Huo si mtihani, wala si dharau. Kosa likijulikana dirishani, halifiki nyumbani. Mtoa dawa asipokuuliza, mwambie wewe mwenyewe: "Ngoja nirudie nilivyosikia."

MFANO WA TORORO: DAWA NA MTU WA KUELEZA

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliwapa watu wa vijijini Tororo wenye virusi vya UKIMWI tembe ya kotrimoksazoli (Septrin) kila siku. Matokeo yalitolewa mwaka 2004. Vifo vilipungua kwa asilimia 46 na malaria kwa asilimia 72. Septrin ni dawa ya bei nafuu, na ilikuwa inajulikana siku nyingi.

Kuanzia 2003, katika mradi mwingine huko huko Tororo, dawa za ARV zilipelekwa nyumbani. Waliozipeleka kila wiki kwa pikipiki hawakuwa madaktari. Walikuwa watu waliofundishwa kuuliza maswali yaleyale kila mara: Umemeza zote? Una homa? Una kikohozi? Aliyekuwa na dalili mbaya alielekezwa kituoni. Mpango huo ulionyesha kwamba mtu anayeishi mbali na hospitali anaweza kutumia dawa za ARV vizuri, mradi awepo mtu wa kumweleza na kumfuatilia. Ndiyo kazi wanayofanya wahudumu wa afya wa jamii hapa kambini wanapobisha mlangoni kwako.

Septrin inatupa somo jingine. Fansidar haitumiki tena kutibu malaria, lakini mama mjamzito hupewa kliniki ili kumkinga. Mama mjamzito anayemeza Septrin kila siku hapaswi kupewa Fansidar, kwa sababu dawa hizo mbili ni za jamii moja na zikiwa pamoja zinaweza kumdhuru. Mtoa dawa hawezi kujua usipomwambia. Ikiwa unaona aya mbele ya watu, omba kuzungumza naye pembeni. Siri yako ni wajibu wake kuitunza.

UNAPOVUKA MPAKA

Ghasia zilipozuka Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya watu walivuka kwa Busia na Malaba wakaingia Uganda. Wengi walipokewa Mulanda, wilayani Tororo, na baadaye wakahamishiwa Kiryandongo. Katika majuma yale watu wengi waliokuwa wakimeza dawa za kila siku, zikiwemo ARV na dawa za kifua kikuu, walikatizwa. Mtu anayekimbia usiku hachukui kadi ya kliniki. Lakini ARV zikikatizwa virusi huongezeka tena, na dawa ya kifua kikuu ikikatizwa ugonjwa huweza kurudi ukiwa mgumu zaidi kutibu.

Busia ndiko bodaboda zilikopata jina, kwa kubeba watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Dawa nazo huvuka hivyo hivyo, na pakiti ya upande mmoja huenda ikawa na jina la biashara tofauti na ya upande wa pili. Mtu anaweza kumeza aina mbili akidhani ni dawa mbalimbali, kumbe zote ni parasetamoli, na parasetamoli ikizidi huharibu ini. Mtu mzima asizidishe tembe 8 za miligramu 500 katika saa 24. Mwombe mtoa dawa akuonyeshe jina halisi la dawa, lile lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara.

Kwa anayetumia dawa za kila siku tunashauri hivi:
1. Jifunze jina halisi la dawa yako kwa moyo. Leo Kenya na Uganda huwapa watu wazima wengi tembe moja ya ARV yenye tenofovir, lamivudini na dolutegravir. Mhudumu akilijua jina, ni rahisi kukuendeleza.
2. Kabla ya safari, omba barua ya uhamisho na dawa za kutosha.
3. Weka kadi mahali pamoja na kitambulisho chako cha ukimbizi.
4. Ukifika bila dawa, sema siku ileile ya kuandikishwa. Usingoje uugue.

DAWA ZA SOKONI NA SINDANO

Wakati mwingine zahanati huishiwa. Mtoa dawa akisema "imeisha", muulize itafika lini, kituo gani kingine kinayo, na akuandikie jina. Usinunue nusu dozi kwa kuwa ndiyo pesa uliyo nayo. Dawa zilizoanikwa juani sokoni huharibika, na tembe zilizotolewa katika pakiti hazionyeshi tarehe ya kwisha. Vidonge vya rangi mbili alivyopewa jirani kwa kidonda chake si dawa ya kuhara kwa mtoto wako. Mtoto anayehara anahitaji ORS na zinki, na aendelee kunyonya na kula.

Pia usimlazimishe mhudumu akuchome sindano kwa kudhani ina nguvu zaidi. Kwa mgonjwa anayeweza kumeza, tembe sahihi hutosha katika magonjwa mengi.

MASWALI 6 YA KUULIZA DIRISHANI

1. Dawa hii inaitwaje, na ni ya nini?
2. Nitumie ngapi, saa ngapi, kwa siku ngapi?
3. Kabla ya chakula au baada?
4. Nikisahau au nikitapika nifanye nini?
5. Inaweza kunisumbua vipi?
6. Dalili gani zikitokea nirudi haraka?

Nawe mwambie mambo manne bila kuulizwa: kama una mimba au unanyonyesha, dawa nyingine unazotumia pamoja na za miti shamba, dawa iliyowahi kukudhuru, na kama ulianza dawa nyumbani kabla ya kuja.

KUMBUKA: Mtoto akipata degedege, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea sana au akipumua kwa shida, mpeleke kituoni mara moja, hata usiku. Usingoje dozi iishe.

Tafadhali msomee ukurasa huu jirani asiyejua kusoma, kisha uuweke pamoja na kadi yako ya kliniki.